Jicho la Jioni

Dada yangu alisimama mbele ya cherehani yangu, pale kibarazani nilipokuwa nashonea sokoni Handeni, akasema, "Barua hiyo iweke kando mpaka harusi ipite." Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, nilikuwa baba wa binti mwenyewe, na barua ilikuwa na jina la binti yangu juu yake. Nikavuta droo ya cherehani, nikaitia barua chini ya bobini na makopo ya vifungo, nikaisukuma droo mpaka ikafunga. Halafu nikaendelea kushona.

Ninaanza na hapo kwa sababu watu wanaponipa pole hunitafutia mahali pengine pa kuanzia. Wengine huanza na homa. Wengine huanza na mapenzi ya Mungu. Mimi najua ilipoanzia, kwa kuwa mkono ulioifunga droo ni huu ninaoandikia.

Binti yangu alikuwa mtoto wangu wa pekee. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, na dada yangu mkubwa ndiye aliyemlea. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka shule. Ndiyo maana dada alipozungumza juu ya mtoto huyo, mimi nilizoea kunyamaza. Binti alipomaliza kidato cha nne nikamkalisha kwenye cherehani ya pili, kando yangu, na baada ya miaka mitatu mkono wake ukawa mzuri kuliko wangu. Marinda ya sketi za shule niliacha kabisa kushona mimi. Akina mama walikuwa wakija kibarazani wananipita bila kunitazama, wanamwendea yeye. "Fundi, shikamoo yako ipo pale, lakini sketi nampa huyu," mmoja aliniambia, tukacheka wote.

Januari ni mwezi wa sare za shule. Mwaka ule, katikati ya Januari, nikaanza kuona jambo kwenye marinda yake. Sketi alizoshona asubuhi zilinyooka kama zimepigwa rula. Alizoshona baada ya saa tisa zilipinda. Rinda la kwanza sawa, la pili limeegemea, la tano limepanda juu ya lenzake. Nikadhani ni uchovu, maana kazi ilikuwa nyingi. Alipokwenda nyumbani kupika, nilichukua wembe nikafumua mishono ya alasiri, nikairudia mwenyewe. Sikumwambia. Kesho yake akashona tena asubuhi vizuri, jioni vibaya, nami nikafumua tena. Karibu wiki tatu nilikuwa nikifumua. Leo nikifikiri naona kwamba huko ndiko nilikojifunza kuficha.

Siku moja alasiri alikuwa akitunga uzi kwenye sindano ya mkono. Akajaribu mara nne. Akaniita.

"Baba, sindano ngapi hizi?"

"Moja."

"Mimi naziona mbili. Na uzi unaingia kwenye ile ambayo haipo."

Alicheka kidogo, lakini nilipomtazama usoni niliona kope la jicho la kushoto limeshuka, limefunika nusu ya mboni, kama mtu anayesinzia upande mmoja. Jicho lenyewe halikuwa linafuatana na lenzake. Alipotazama kulia, la kushoto lilibaki nyuma. Asubuhi yake, baada ya kulala, kope lilikuwa limepanda na macho yote mawili yalikwenda pamoja.

Tulikwenda kutibiwa hapahapa Handeni mapema asubuhi, kama watu wote wanavyokwenda, ili tuwahi foleni. Jicho halikuonyesha kitu. Tukapewa dawa ya matone. Wiki mbili baadaye tukaenda tena asubuhi, tukaambiwa pengine anahitaji miwani. Mara ya tatu, mwezi wa Machi, tulichelewa kwa sababu ya kazi, tukafika saa kumi kasoro, na zamu ilikuwa ya daktari mmoja msichana, mdogo kuliko binti yangu kwa sura. Huyo aliliona jicho likiwa limelala.

Alimfanya afuate ncha ya kalamu kwa macho, kulia, kushoto, juu, chini. Halafu akamwambia aitazame dari bila kushusha macho. Tuliona kope zinashuka polepole, la kushoto kwanza, kisha hata la kulia likaanza. Daktari akamtuma mhudumu nje kwa mama anayeuza barafu za ubuyu, akaletewa moja, akaifunga kwenye kitambaa na kumwekea binti yangu juu ya kope la kushoto. Tulisubiri, daktari akitazama saa yake. Alipoiondoa, jicho lilikuwa limefunguka. Limefunguka kabisa, kama la asubuhi. Binti yangu akatutazama, kope limetapakaa maji mekundu ya ubuyu, akasema, "Kumbe dawa yangu ni barafu. Mngeniambia mapema ningelamba kila siku."

Daktari hakucheka. Alituambia kwa Kiswahili chepesi kwamba mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na kuna watu ambao askari hao hugeuka wakaupiga mwili wenyewe. Kwa binti yangu alihisi wanapiga mahali neva zinapokutana na misuli, ndiyo maana msuli ukitumika unachoka haraka, ukipumzika unarudi. Misuli ya macho ni midogo na haina mapumziko, kwa hiyo mara nyingi huonyesha kwanza. "Kwa wengine huishia machoni," alisema. "Kwa wengine hushuka. Hufika kwenye kutafuna, kumeza, kuongea, na mwisho kwenye pumzi. Hatuwezi kujua yeye ni wa kundi lipi. Ila dawa zipo, na akianza mapema anaweza kuishi akazeeka. Mpeleke hospitali kubwa wiki hii au ijayo."

Aliandika barua. Binti yangu alipotoka kwenda bombani kunawa ubuyu, daktari aliniita nirudi. Chini ya barua alikuwa ameandika majina ya dawa kwa wino mwekundu na kuyapigia mstari. "Mzee, hizi asipewe popote. Kwinini hasa. Kwa mtu kama huyu inaweza kumkata pumzi. Kila anapokwenda kutibiwa, hata kama ni mafua, mwonyesheni anayemtibu barua hii."

Nilisema nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, najua kusoma neno kwinini likiwa limepigiwa mstari.

Sasa, wakati huohuo posa ilikuwa imekuja. Kijana alikuwa mtu wa Bungu, milimani Korogwe, mkulima wa mboga na iliki, aliyekuwa akileta kabichi Handeni siku za soko. Alimpenda binti yangu na binti yangu alimpenda. Wazee wake walikuwa wameleta barua ya posa na tulikuwa tumeijibu. Ilibaki wao kuja kumwona mwali na kupanga siku. Nilipomweleza dada habari ya hospitali kubwa, alikuja kibarazani siku ileile, amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekuja kugombana.

"Unataka kwenda kuwatangazia wakwe kwamba unawaozesha mbuzi mgonjwa?"

"Si kutangaza, dada. Ni kumtibu."

"Hospitali kubwa utakaa wiki. Watu watauliza yuko wapi. Utasema nini? Utasema macho? Wewe unajua watu wanavyosema juu ya binti mwenye jicho bovu. Watasema karithi, watasema kapigwa, watasema watoto watazaliwa hivyo. Subiri harusi ipite. Akishakuwa mke wa mtu, mumewe atampeleka."

"Daktari kasema wiki hii."

"Daktari ana binti wa kuozesha?"

Hapo ndipo aliposema niiweke barua kando, nami nikavuta droo.

Alikuwa na mpango pia. Wageni wa namna ile huja alasiri, jua likipoa, wakala, wakazungumza. Dada akataka tuwaombe waje asubuhi, kwa chai. Nikaandika ujumbe kwa mwandiko wangu mzuri kwamba kwa desturi ya nyumba yetu mambo ya heri hufanywa asubuhi. Hatukuwa na desturi hiyo. Niliitunga mezani.

Wakaja asubuhi, wamelala kwa jamaa yao mjini. Mzee aliyeongoza msafara alikuwa mtu wa maneno. "Tumekuja kuwaoa," alisema kabla hata hajakaa, "maana tumesikia huku kwenu kisima mnakiona ndotoni. Binti akija kwetu ataoga mara mbili kwa siku."

Dada akamjibu, "Ataoga, lakini tutaomba mumfunge kamba. Tumesikia huko kwenu mtu akiteleza shambani kwake huokotwa shambani kwa jirani."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini mazungumzo yalirefuka. Hawakuondoka saa nne wala saa sita. Dada akalazimika kupika chakula cha mchana, na ilipofika saa tisa wakataka mwali aje awanawishe mikono kabla ya kuaga. Nilimwona anatoka na jagi na beseni, na nilijua kabla hajainua uso. Kope zote mbili zilikuwa zimeshuka. Alipita kwa kila mgeni, amepiga goti, macho yamefunikwa, na hakumtazama hata mmoja, kwa sababu hakuweza.

Mama wa kijana akamgeukia mwenzake. "Unaona haya hiyo? Mabinti wa siku hizi wanakukodolea kama wanakupima nguo. Huyu hainui jicho."

"Kalelewa," akajibu mwenzake.

Dada alinitazama. Walipoondoka alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzio wanafunda binti mwaka mzima ainamishe macho. Wako anainamisha bure!" Na mimi nilicheka. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli. Nilicheka kwa kuwa hofu ilikuwa imenitoka, nikamwona binti yangu mlangoni amesimama na beseni, ananisikiliza.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Tuliomba ndoa ifungwe asubuhi. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameniuliza, "Baba, ile barua?" Nikamwambia, "Ipo." Hakuuliza zaidi. Nilikuwa nimekusudia kumpa mumewe siku ya kumchukua. Siku hiyo kulikuwa na watu, kulikuwa na ngoma, nikaona si wakati wake. Dada akasema wacha wazoeane kwanza. Baadaye akasema wacha apate mtoto, mwanamke mwenye mtoto harudishwi. Kila neno lilikuwa lake, lakini droo ilikuwa yangu.

Kule Bungu ile haya iliyosifiwa iligeuka. Kope zikimshuka, mtu hutafuta njia ya kuona, na njia ni moja, kuinua kidevu na kukitupa kichwa nyuma ili aone kwa chini ya kope. Kila jioni binti yangu alimtazama mama mkwe wake kidevu kikiwa juu. Mama yule akaona ni dharau. Alipomwita na jibu likatoka kwa sauti ya puani, akaona ni kibri. Alipoacha chakula katikati akaona ni kukinai mapishi ya watu. Mwezi wa Novemba walimrudisha kwetu. Hawakumpa talaka. Alirudishwa akafundwe upya adabu, kama ilivyo kwa bibi harusi anayesemwa. Alikuja na mumewe, kijana amejaa aibu, akaniambia, "Baba, shikamoo. Mimi sina neno naye. Mama ndiye." Kisha akarudi mlimani.

Alikaa nami siku kumi na mbili. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na mbu walikuwa wengi. Nilimwona anakula ugali huku amejishika taya kwa kiganja, ili lisidondoke. Nilimwona anakunywa maji yakarudia puani. Daktari alikuwa ameniambia haya yote, kwa mpangilio ule ule, macho, kutafuna, kumeza, kuongea. Barua ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa, maana alikuwa akikaa kwenye cherehani yake ya zamani.

Dada alikuja kumfunda. "Mtazame mama mkwe wako kifuani, si usoni. Kidevu chini."

"Shangazi, nikiweka kidevu chini sioni kitu."

"Basi usione! Nani kakwambia mke lazima aone kila kitu?"

Binti yangu alinigeukia mimi. Alisema taratibu, kwa ile sauti ya puani, "Baba, mwambie." Alitaka nimwambie shangazi yake kwamba ni ugonjwa, kwamba daktari alisema, kwamba barua ipo. Nilisema, "Msikilize shangazi yako." Alishusha kidevu. Siku mbili baadaye mumewe alikuja kumchukua, na binti yangu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba ana mimba changa.

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, mume wake akanipigia simu.

"Baba, shikamoo. Mwenzangu ana homa kali, tumemteremsha hapa Korogwe tangu asubuhi. Wamepima, ni malaria. Kwa kuwa mimba ni changa wamesema wampe kwinini, wamemtundikia dripu. Lakini baba, tangu wamtundikie hawezi kumeza mate. Anapumua kwa mabega. Wanasema ni ukali wa homa."

Kilichotakiwa kilikuwa maneno matatu. Waambie waitoe dripu. Simu ilikuwa sikioni, salio lilikuwepo, sauti ya kijana ilisikika vizuri. Lakini nikisema hivyo ataniuliza nimejuaje, na nitalazimika kumwambia kwamba najua tangu Machi, kwamba nilimwozesha mke nikiwa nimekaa na jambo hili moyoni. Niliona afadhali nifike na barua mkononi, niikabidhi kwa wauguzi kimya kimya, bila yeye kusikia.

Nikasema, "Nakuja."

Nilivuta droo. Barua ilikuwa imeshika mafuta ya cherehani pembeni, lakini wino mwekundu ulisomeka. Nikaenda stendi. Gari la Korogwe lilikuwa halijajaa, tukasubiri abiria. Nilikaa dirishani na simu mfukoni, nikamwangalia utingo akiita watu. Kama nusu saa ilipita hivyo. Njiani niliitoa simu mara mbili na kuirudisha. Mpaka leo najiuliza ni nini nilichokuwa nalinda kwenye gari lile, na jibu ni uso wangu.

Nilifika saa kumi na moja kasoro. Alikuwa amelala ameegemezwa mito, macho yamefumba. Nikamwita. Hakuweza kuyafungua. Nikainua kope moja kwa kidole, na jicho chini yake halikugeuka kunitafuta, lilitazama mbele tu. Lakini mkono wake ulikibana kidole changu, nikajua ananisikia.

Nilimpa muuguzi barua. Aliisoma, akaifunga dripu palepale kabla ya kusema lolote, akamwita daktari kwa sauti. Daktari akaisoma, akaniuliza, "Mzee, hii ni ya Machi. Ilikuwa wapi?"

Mume wake alikuwa amesimama pembeni yangu. Hakukuwa tena na kimya kimya.

"Kwenye droo," nikasema.

Siwalaumu wale watu. Walimpa mjamzito mwenye malaria dawa waliyofundishwa kumpa, na hakuna aliyewaambia kitu. Walimtafutia gari la kumpeleka penye mashine ya kupumulia, wakampandisha, muuguzi akawa anamkandamizia hewa kwa mpira wa mkono. Sisi wawili tulikaa kwenye benchi la pembeni ndani ya gari lile. Hatukuwa tumefika mbali muuguzi alipoacha kukandamiza, akasikiliza kifua chake, akasikiliza tena, akamgongea dereva kioo ili apunguze mwendo.

Kijana yule hakunipigia kelele. Alikaa muda mrefu ameishika kandambili ya mkewe iliyokuwa imedondoka. Halafu akasema, "Baba, si ungenipigia tu." Baada ya maziko kule Bungu aliniamkia kwa heshima, akanisindikiza mpaka barabarani, na tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Mama yake alilia kuliko wote. Alikuwa akirudia kuwaambia wanawake waliomzunguka, "Alikuwa haoni. Mtoto wa watu alikuwa haoni, na mimi namwambia ana kibri."

Jina la ugonjwa ule, lile refu lililoandikwa juu ya barua, nilijifunza kulitamka baada ya arobaini. Daktari msichana alikuwa bado pale Handeni. Nilimpelekea habari mwenyewe, jioni, zamu yake. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu yake ile, kisha akaniuliza kama jicho liliwahi kurudi sawa asubuhi katika siku zile kumi na mbili za mwisho. Nikamwambia lilirudi. Kila asubuhi lilirudi.

Dada yangu husema tuliamua pamoja. Si kweli. Yeye aliomba, na mimi nilikuwa na uwezo wa kusema hapana. Nilisema sawa, na sawa hiyo ilinigharimu binti yangu wa pekee, aliyekuwa na miaka ishirini na minne, na mjukuu wa miezi miwili tumboni mwake. Alikufa kwa dawa niliyojua kwa miezi minane kwamba asipewe.